Theluji ya Aprili: Maarifa, Njia na Uhai Milimani



Nimeombwa nizungumzie maporomoko ya theluji wakati wa dhoruba za majira ya machipuko, nami nimekubali kwa moyo mmoja. Aprili ndio mwezi ambao watu wengi wa Colorado huanza kuisahau hatari hiyo. Mjini Denver miti inachipua, watoto wanacheza nje bila makoti, na vituo vya ski vinafungwa kimoja baada ya kingine. Juu ya meta 3,000 hali ni nyingine kabisa. Huko theluji iliyorundikana tangu Novemba bado ipo, na dhoruba za Machi na Aprili zinaiongezea mzigo mpya.

Sisi tunaozungumza Kiswahili na kuishi hapa hatuko mbali na jambo hili. Vijana wetu wanaalikwa na wanafunzi wenzao kwenda milimani, na wengine wamekwisha kuupenda mchezo wa ski. Wapo pia ndugu zetu wanaoendesha malori katika barabara zinazopita chini ya miteremko hiyo. Wengi wetu tuliijua theluji kwa kuitazama Kibo kutoka Moshi, ikiwa nyeupe na tulivu. Ya milima ya Rocky ina tabia nyingine, na ni haki ya kila anayeikaribia kufahamishwa tabia hiyo kwa lugha anayoielewa vizuri.

Hoja yangu ni moja. Maarifa juu ya maporomoko humwokoa mtu pale tu yanapombadilishia njia. Mtu anaweza kusoma taarifa, kubeba vifaa vyote na kuitaja hatari kwa jina lake, kisha akafa kwa sababu alipita palepale ambapo angepita kama asingejua lolote. Nitaanza na kisa kinachothibitisha hivyo.

Yaliyotokea Sheep Creek

Jumamosi, tarehe 20 Aprili 2013, wanaume sita waliingia milimani karibu na Loveland Pass, magharibi mwa Denver, mahali panapoitwa Sheep Creek. Walikuwa wamehudhuria mkusanyiko wa wapenzi wa milima, na mojawapo ya madhumuni ya mkusanyiko huo ilikuwa kuhimiza usalama dhidi ya maporomoko. Hawakuwa wageni wa theluji. Walibeba vifaa vya redio vya kutafutana, sepetu na fimbo za kupimia kina, na baadhi yao walikuwa na mifuko ya hewa ya kumsaidia mtu kubaki juu theluji inapomchukua.

Taarifa ya siku hiyo kutoka Kituo cha Taarifa za Maporomoko cha Colorado walikuwa wameisoma. Iliweka hatari katika kiwango cha 3 kati ya 5, na ilionya juu ya mabamba mazito ya theluji yaliyokalia tabaka dhaifu lililo chini kabisa, hasa katika miteremko inayotazama kaskazini. Walijua kwamba mteremko mmoja uliokuwa mbele yao ulikuwa wa namna hiyohiyo.

Mpango wao ulikuwa kuukwepa, wafike kwenye mteremko mwingine waliouona salama zaidi. Lakini njia waliyochagua ilipita chini ya ule wa hatari. Wakakubaliana kuachiana nafasi ya kama meta 15, kisha wavuke haraka hadi kwenye kikundi cha miti upande wa pili. Kabla hawajamaliza kuvuka, walisikia theluji ikididimia kwa mshindo mzito chini ya miguu yao. Ikapita muda wa sekunde chache tu. Ufa ulikuwa umekwisha kukimbilia juu ya mlima na kulikata bamba zima.

Poromoko lile lilikuwa na upana wa takriban meta 240, na mahali pengine lilivunjika kwa kina cha zaidi ya meta 3. Liliwachukua wote sita na kuwafukia katika bonde jembamba lililokuwa chini yao. Mmoja alibaki na sehemu ya mkono iliyo huru, akaweza kuondoa theluji usoni na kupumua. Alisubiri kwa saa kadhaa mpaka waokoaji walipofika. Wenzake watano walifariki. Colorado haikuwa imepoteza watu wengi kiasi hicho katika poromoko moja tangu mwaka 1962, watu saba walipouawa huko Twin Lakes.

Sikisimulii kisa hiki ili kuwalaumu marehemu. Walifanya mengi ambayo watu wengi hawayafanyi. Uzito wa somo lao unatokana na hilo: karibu kila kitu kilikuwa sahihi isipokuwa mstari wa njia. Meta 15 kati ya mtu na mtu hazina maana mbele ya bamba lenye upana wa meta 240.

Tabaka la Novemba

Ili tuelewe kwa nini mteremko ulivunjika Aprili, turudi nyuma hadi mwanzo wa majira ya baridi. Theluji ya kwanza huko Colorado huwa haba, na mara nyingi husimama wiki nyingi bila kuongezewa nyingine. Ardhi chini yake hubaki karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi, huku hewa juu yake ikishuka nyuzi nyingi chini ya sifuri usiku. Tofauti hiyo ya joto ndani ya theluji nyembamba huvuta mvuke kutoka chini kwenda juu. Mvuke unapopita, chembe za theluji hubadilika umbo. Hukua, hupata kingo, na hupoteza ule mshikamano uliozishika pamoja. Ukizishika mkononi humiminika kama sukari, na hata Wamarekani wenyewe huziita hivyo.

Baadaye dhoruba za Desemba, Januari na Februari huweka theluji ngumu zaidi juu ya chembe hizo. Upepo huishindilia mpaka ikawa bamba moja lililoshikana. Sasa mlima unabeba bamba zito juu ya msingi usioshikana na chochote. Hali hii inaweza kudumu miezi mitano bila dalili yoyote kwa mtu anayetazama kutoka nje. Theluji ya juu ni safi, imara chini ya ski, na inapendeza macho.

Hatari ya bamba la kina ni kwamba ni vigumu kuliamsha, lakini likiamka halina huruma. Watu kumi wanaweza kupita bila tatizo kwa sababu walikanyaga mahali ambapo bamba ni nene. Wa kumi na moja anakanyaga pembeni, karibu na mwamba, ambapo bamba ni jembamba na uzito wake unalifikia tabaka dhaifu. Tabaka linadidimia, na mvunjiko unasambaa chini kwa chini kwa mamia ya meta. Ndiyo maana mtu aliye chini ya mteremko, hata kwenye sehemu iliyo karibu na tambarare, anaweza kuangusha theluji iliyo juu ya kichwa chake. Kwa hiyo nyayo za waliotangulia hazithibitishi chochote isipokuwa kwamba wao walipita.

Dhoruba ya machipuko inaongeza nini

Katika upande wa mashariki wa milima ya Colorado, dhoruba kubwa hupenda kuja Machi na Aprili. Mgandamizo mdogo wa hewa hujikita kusini-mashariki mwa jimbo, ukavuta unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko na kuupandisha kwenye kuta za milima. Hewa ikipanda hupoa, ikipoa humwaga ilichobeba. Denver yenyewe, kwa wastani, hupata theluji nyingi zaidi mwezi Machi kuliko mwezi mwingine wowote.

Theluji hiyo huwa na maji mengi kuliko ile ya Januari. Chukua dhoruba moja inayoangusha sentimeta 30, zenye kilo 150 katika kila meta ya ujazo. Kila meta moja ya mraba imepokea kilo 45. Mteremko wa meta 50 kwa 100, ambao mlimani ni mdogo, umeongezewa tani 225 kwa usiku mmoja. Tabaka lililokuwa likistahimili mzigo tangu Desemba linaweza kushindwa asubuhi hiyo, au likabaki likisubiri uzito wa mtu mmoja.

Upepo hufanya kazi yake pia. Huichota theluji upande unakotoka na kuimwaga upande uliokingwa, kwa kasi inayoweza kuwa mara kadhaa ya ile inayotoka angani. Ukisikia kwamba zimeanguka sentimeta 20, usidhani kila mteremko umepokea sentimeta 20. Ule ulio nyuma ya kilele unaweza kuwa umepokea meta nzima.

Baada ya dhoruba kupita linakuja jua la Aprili, nalo ni kali. Theluji iliyokuwa kavu alfajiri inalowa kabla ya adhuhuri. Maji yanapenya kati ya chembe, yanafika kwenye tabaka lisiloyapitisha, na kulainisha kile kilichokuwa kimeshikilia. Ikiwa usiku ulikuwa na mawingu, joto la theluji halikuweza kupotea angani, na haikuganda vizuri. Siku ya namna hiyo huanza tayari ikiwa mbovu. Dalili zake ni za wazi: vidonge vya theluji vinavyojiviringisha vyenyewe kutoka chini ya miamba na miti, maji yanayodondoka, mguu unaozama hadi gotini. Anayeziona anapaswa kuwa anaondoka, wala si kuanza kupanda.

Basi siku moja ya machipuko inaweza kumkutanisha mtu na hatari tatu tofauti: bamba jipya la dhoruba, tabaka la kale lililozidiwa na mzigo, na theluji inayolowa jua linapopanda. Kila moja ina mteremko wake na saa yake. Asubuhi upande wa mashariki ndio unaopata moto kwanza, kisha kusini, kisha magharibi. Kaskazini hubaki na baridi, na hukohuko ndiko tabaka la Novemba huishi muda mrefu zaidi.

Jambo la mwisho katika hili ni la kibinadamu. Katika majira ya baridi, wafanyakazi wa vituo vya ski huangusha theluji hatari kwa baruti kabla ya wageni kufika. Kituo kikifungwa Aprili, kazi hiyo hukoma. Miteremko ni ileile, vibao ni vilevile, lakini usalama ule haupo tena. Anayepanda huko baada ya kufungwa yuko porini sawa na yule aliye mbali na kila barabara.

Maana ya namba 3

Amerika ya Kaskazini na Ulaya hutumia ngazi tano za hatari: ndogo, ya wastani, kubwa kiasi, kubwa, na ya kupindukia. Wengi husikia 3 kati ya 5 wakaona ni katikati, kwa hiyo ni kawaida. Ngazi hizi hazipandi hivyo. Kila moja ni hatari mara kadhaa kuliko iliyo chini yake, na katika ngazi ya 3 poromoko linaloanzishwa na mtu mmoja tayari ni jambo la kutarajiwa. Ngazi ya 4 na ya 5 huwatisha watu wakabaki nyumbani. Ya 3 huwaacha watoke, na sehemu kubwa ya vifo hutokea siku za namna hiyo.

Kwa hiyo, namba ndiyo mwanzo wa kusoma. Chini yake taarifa hueleza aina ya tatizo, pande za mlima zinazohusika na kimo chake. Anayesoma namba peke yake hajasoma. Na kuna kipimo kimoja ambacho hakihitaji utaalamu mkubwa: mwinuko wa mteremko. Mabamba mengi huvunjika kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Ukibaki kwenye miteremko iliyo chini ya nyuzi 30, na usisimame chini ya iliyo mikali zaidi, umejiondoa katika sehemu kubwa ya hatari. Kifaa kidogo cha kupima nyuzi kinauzwa kwa bei nafuu, na ramani zinazoonyesha mwinuko kwa rangi zinapatikana kwenye simu.

Kwa nini wenye ujuzi hufa

Takwimu za ajali katika nchi nyingi zinakubaliana katika jambo moja. Katika takriban ajali tisa kati ya kumi, poromoko lilianzishwa na mwathirika mwenyewe au mtu wa kundi lake. Maana yake ni kwamba kulikuwa na uamuzi, na uamuzi ungeweza kuwa mwingine.

Mtafiti wa Marekani Ian McCammon alichunguza mamia ya ajali za namna hii na kuonyesha kwamba dalili za hatari mara nyingi zilikuwa wazi kwa waliokufa. Kilichowapoteza ni njia za mkato za akili. Tumeuzoea mlima huu. Tumekwisha kuamua, tusirudi nyuma. Yupo kati yetu anayejua zaidi, tumfuate. Wengine wamepita. Theluji mpya itachanwachanwa na wengine tusipoiwahi. Njia hizi hututumikia vizuri sokoni na kazini, ndiyo maana tunaziamini. Mlimani hazina uhusiano wowote na hali ya tabaka lililo chini.

Sisi tuna msemo: wengi wape. Ni msemo mzuri wa kuendesha kikao, kwa kuwa unazuia mmoja asiwaburute wengine. Katika theluji sheria lazima igeuzwe. Mmoja akisema hapana, kundi zima linarudi, hata kama huyo mmoja ndiye mdogo kuliko wote, hata kama ni mara yake ya kwanza, hata kama hawezi kueleza vizuri kinachomtia shaka. Nawaomba vijana mlishike hili kabla ya kununua kifaa chochote. Tumelelewa kuwaheshimu wakubwa na kutowapinga mbele za watu, na malezi hayo ni hazina. Lakini mkubwa mwenye busara atakuuliza shaka yako mbele ya wote, kisha ataisikiliza. Asiyeweza kuulizwa hafai kuongoza watu mlimani.

Dakika kumi

Mtu aliyefukiwa hana muda. Utafiti maarufu wa mwaka 1994, uliotokana na takwimu za Uswisi, ulionyesha kwamba waliofukuliwa ndani ya dakika 15 walipona kwa asilimia 92, na walipofikia dakika 35 ni asilimia 30 tu waliobaki hai. Uchunguzi mpya wa Uswisi, uliochapishwa mwaka 2024, umeufupisha muda wa matumaini hadi dakika kama 10. Baada ya hapo, wengi hukosa hewa.

Linganisha muda huo na umbali wa helikopta, au wa kundi la waokoaji wanaotoka mjini. Watu pekee wanaoweza kukuokoa ni wale uliopanda nao, ikiwa wao wenyewe hawakuchukuliwa. Ndiyo sababu kila mmoja lazima awe na kifaa cha redio kilichowashwa mwilini, fimbo ya kupimia na sepetu ya chuma, na awe amefanya mazoezi ya kuvitumia. Theluji iliyoporomoka hushikana na kuwa ngumu inaposimama, na kumfukua mtu aliye meta moja chini kunaweza kuhitaji kuhamisha tani nzima ya theluji. Na ndiyo sababu watu huvuka sehemu ya hatari mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama kweli. Sheep Creek hapakuwa na mtu aliyebaki nje ya kumfukua mwenzake.

Vifaa hivi tuvithamini, lakini tusiviombe visichoweza kutoa. Takriban robo ya wanaokufa katika maporomoko hufa kwa majeraha, kwa kugongwa kwenye miti na miamba kabla theluji haijasimama. Kifaa cha redio hakimsaidii huyo.

Ninachowaomba

Kwa wazazi: mtoto anapoaga kwamba anakwenda milimani mwezi wa Aprili, muulize maswali matatu. Umesoma taarifa ya leo? Mtapita wapi hasa, na juu ya njia hiyo kuna nini? Mtakuwa mmeshuka saa ngapi? Anayeweza kuyajibu amejiandaa. Asiyeweza, mwambie angoje siku nyingine.

Kwa madereva: malori yenye shehena za hatari kwa kawaida hayaruhusiwi kupita katika handaki la Eisenhower, na hupandishwa juu ya Loveland Pass, karibu na palepale walipofia watu watano. Machi 2019 maporomoko yalifika kwenye barabara kuu ya I-70 yenyewe. Barabara ikifungwa kwa kazi ya kuangusha theluji, subirini kwa subira. Msisimamishe gari chini ya mteremko wenye kibao cha maporomoko, hata kwa dakika moja ya kufunga minyororo ya matairi, kama kuna mahali pengine pa kusimama.

Kwa vijana mnaoupenda mlima: sitaki muuache. Jifunzeni darasani kabla ya kujifunzia juu ya theluji. Dhoruba ikipita, upeni mlima siku moja au mbili ujitulize, na mkumbuke kwamba tabaka la kina linaweza kuhitaji wiki nyingi zaidi. Ondokeni alfajiri, mwe mmeshuka kabla ya jua kuiloweka theluji. Na mkishaona hatari iko wapi, msitafute namna ya kuipitia kwa ujanja. Ipisheni. Chagueni njia ambayo hata bamba lote likianguka, halitawafikia.

Taarifa za maporomoko za Colorado hutolewa bure, na majira ya theluji hutolewa kila siku. Someni kabla ya kutoka, kisha njia yenu iwe jibu la mliyosoma.